Geini kwanza: mikisa ya bei ndogo kwenye shughuli na nyumbani

MWALIMU: Assalam aleikum, habari za saa hizi wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na popote mlipo. Leo tupo sebuleni kwangu Shangani hapa Mtwara mjini, madirisha tumefunga yote maana upepo wa bahari unavuma haswa, na mwenzangu ni yule yule Fundi wetu.

FUNDI: Wa aleikum salaam Mwalimu, habari zenu wote. Mi leo nimekuja na ile mikisa yangu ndogo, yaani mashine ya kuchanganya sauti, hii hapa mezani, na ndo tunaongelea humo humo, maiki mbili zimeingia chaneli ya kwanza na ya pili, waya mmoja wa USB umekwenda kwenye laptopu yako, basi, hamna kingine.

MWALIMU: Na ndo mada yenyewe hiyo. Maana si unajua huku kwetu, korosho zikishapita mnadani na watu wakilipwa, ndoa zinafuatana kila wikiendi, sasa vijana wananijia, mwalimu mi nataka nianze kukodisha mziki, hela yangu ndogo, hizi mikisa ndogo zinafaa kweli au nitakuwa nimetupa hela? Wengine wanataka kurekodi qaswida kama sie pale madrasa.

FUNDI: Zinafaa. Na nalisema hili kwa sababu mwenyewe nilikaa miaka mitatu naisingizia mashine. Niliamini mikisa yangu mbovu, nikawa nadunduliza ninunue kubwa, kumbe kosa langu. Ngoja niwape kisa. Tulikuwa na harusi Mikindani, uwanjani nje, watu wamejaa, akaitwa bibi yake biharusi asome dua. Bibi mzee, sauti yake ndogo lakini kashika maiki kaigusisha kabisa mdomoni, alivyofungua tu sauti ikatoka imepasuka, yaani kama redio ya betri zimeisha, watu wanashika masikio. Mi nakimbilia kinobu cha chini nashusha, nashusha, sauti inakuwa ndogo lakini imepasuka vile vile. Bibi kamaliza dua yake hakuna aliyesikia neno. Iliniuma sana, maana dua ile hairudiwi.

MWALIMU: Pole. Na kilikuwa nini?

FUNDI: Geini. Aliyenifundisha mwanzo aliniambia geini weka mwisho kabisa halafu sauti cheza nayo huku chini. Sasa angalia hapa Mwalimu, hiki kinobu cha juu kabisa ndo geini, maiki ikiingia inakutana nacho huyu wa kwanza, ye ndo anakuza sauti ya maiki ambayo ni ndogo mno. Hiki cha chini kabisa ndo levo, kwenye mikisa kubwa inakuwa feda ya kusukuma, ye anapunguza au kuongeza kile ambacho tayari kimeshapikwa. We mwenyewe unajua tui la nazi, likishakatika jikoni hata upakue kijiko kimoja ni tui lililokatika tu. Sauti ikipasukia kwenye geini, huku chini huwezi kuitengeneza tena.

MWALIMU: Hapo nimekuelewa vizuri sana. Kwahiyo unaanzaje?

FUNDI: Naanza geini chini, levo chini, kila kitu chini. Namwambia msomaji au mwimbaji, naomba uimbe ile sehemu utakayopaza zaidi, siyo "alo alo tesitingi", maana mtu akijaribu anasema kwa aibu halafu ukianza muziki wenyewe anapiga kelele mara tatu yake. Anaimba, mi napandisha geini taratibu naangalia hiki kitaa chekundu kando ya chaneli, kikianza kumetameta pale anapopaza sana narudi nyuma kidogo, naacha hapo. Geini nimeshamaliza, siigusi tena usiku kucha isipokuwa maiki imebadilisha mtu. Baada ya hapo ndo napandisha levo mpaka ile alama ya sifuri, na mastaa, kile kinobu cha sauti yote kwa pamoja, nayo hivo hivo. Dakika mbili kwa kila maiki. Ile harusi ya Mikindani ningefanya hivi bibi angesikika.

MWALIMU: Sasa nije kwenye kununua, maana mi mwenyewe niliingia mkenge. Niliona imeandikwa chaneli nane, nikasema alhamdulillah, watoto wangu wa qaswida maiki nane. Nafika nyumbani nahesabu matundu ya maiki, yapo mawili!

FUNDI: Hiyo inawapata wengi na kwa kweli wauzaji wangekuwa wanasema tu. Namba iliyoandikwa kwenye mikisa inahesabu kila tundu, hadi ya kuingizia simu na kinanda, ambayo ni stereo, yaani kushoto na kulia, kila moja inahesabiwa mbili. Yamaha MG10XU kwa mfano, hiyo kumi siyo maiki kumi, matundu ya maiki yenye pini tatu ni manne. Behringer Xenyx 802 ina mawili. Kwahiyo dukani usisome namba, hesabu kwa kidole yale matundu ya duara yenye vitobo vitatu. Kwa shughuli ya mtaani, MC, mwimbaji, msomaji na moja ya akiba, manne yanatosha, simu ya dijei inaingia kwenye stereo.

MWALIMU: Na hiki kitufe cha 48V mi nilikuwa nakiogopa.

FUNDI: Usikiogope ila ukijue. Zile volti 48 zinapanda kwenye waya ule ule wa maiki kwenda kulisha maiki za kondensa, zile laini za studio. Ni kitu cha zamani, mwaka 1966 Neumann wa Ujerumani walitengeneza maiki za redio ya taifa ya Norwei, na kule studio kulikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, ndo wakautumia huo huo, mpaka leo dunia nzima namba ni hiyo. Maiki za kawaida za jukwaani kama Shure SM58, ambayo nayo ilitoka 1966 hiyo hiyo, hazihitaji. Na kwenye mikisa nyingi ndogo kitufe ni kimoja kwa maiki zote, SM58 haidhuriki ikiwa waya wake ni mzima wa pini tatu pande zote, lakini shusha mastaa kabla hujabonyeza, la sivyo spika zinapiga "paa!" kubwa. Kuwasha na kuzima nayo ni hivo hivo, mikisa inatangulia spika zinafuata, kuzima spika kwanza.

MWALIMU: Tuje nyumbani sasa, kurekodi. Mi mwanzo niliweka maiki nne kwa watoto na madufu, nikachomeka USB, nikajua kwenye laptopu nitapata kila maiki kwenye mstari wake, niipunguze mmoja mmoja baadaye. Nimefungua, nakuta mistari miwili tu na kila kitu kimechanganyika humo, dufu limemeza watoto, na siwezi kulitoa.

FUNDI: Hapo ndo penyewe, mtu akielewa hapa amejiokolea hela nyingi. USB ya nyingi ya hizi mikisa ndogo inapeleka kitu kimoja tu, ule mchanganyiko wa mwisho, kushoto na kulia. Ulichokisikia kwenye hedifoni ndo hicho hicho kimeingia kwenye laptopu, basi. Ukitaka maiki nne zije mistari minne unahitaji mashine inayosema kabisa inarekodi kila chaneli peke yake, nayo bei inapanda. Lakini kuna njia. Kushoto na kulia ni mistari miwili, si ndiyo? Sasa zungusha pani, kile kinobu cha kupeleka sauti kushoto au kulia, ya maiki ya watoto mpaka mwisho kushoto, pani ya dufu mwisho kulia. Ukirekodi unapata watoto peke yao upande mmoja na dufu upande wa pili. Ukiingia Audacity, ile programu ya bure, unagawa ile stereo iwe mono mbili, yaani kila upande mstari wake, halafu kila mmoja unaushughulikia peke yake.

MWALIMU: Na wasikilizaji ndo tunavyofanya sasa hivi, mi nipo kushoto Fundi yupo kulia, nikikohoa nakifuta mwenyewe kikohozi changu bila kumkata yeye. Ila niongeze kitu nilichokiona kwa macho. Hata ukigawa hivo dufu linaingia kwenye maiki ya watoto, maana chumba ni kimoja. Nilichofanya, nimewapanga watoto sita nusu duara mbele ya maiki, karibu hatua moja, wenye madufu nimewakalisha nyuma ya maiki, upande wa mkiani, kule ambako maiki haisikii sana. Na ukutani nimeegesha godoro, na lile kabati la nguo nimeliacha wazi nguo zininginie, mwangwi umepungua mpaka mwenyewe nilishangaa. Kitu kilichonishinda ni mvua kwenye bati. Ikinyesha tunafunga, tunakunywa chai.

FUNDI: Hamna dawa ya mvua kwenye bati kwa kweli. Na levo mkiwa mnarekodi msipandishe mpaka juu, laptopu ikifika sifuri, ambayo kwake ndo mwisho wa juu, inakata palepale haina huruma, mi naacha vilele vicheze kama kwenye desibeli kumi na mbili chini ya sifuri, sauti ndogo inaongezwa baadaye ila iliyokatwa ndo imeenda. Ah, na kile kitufe cha kukata besi, kwa hii yangu kinaondoa chini ya 80 Hz, kiminye kwa kila maiki ya kuongelea. Upepo wa hapa, kishindo cha stendi, mtu akiburuta kiti, vyote vinapungua.

MWALIMU: Ule mngurumo je? Maana tulipoanza leo kabla hatujarekodi ulikuwepo, "mmmmm", wewe ukachomoa chaja ya laptopu yangu ukanyamaza.

FUNDI: Ule ni umeme. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde, ndo maana unaungurumisha sauti nene ile ile siku zote. Unatokea pale laptopu imekula soketi ya huku, mikisa ya kule, spika zimevuta ekstensheni kutoka kwa jirani, njia za ethi, ule waya wa umeme unaokwenda ardhini, zinakuwa mbili tatu, mngurumo unapita humo. Kwahiyo vifaa vyote vile viingie soketi ya sehemu moja kama mzigo unaruhusu, laptopu itumie betri, na kama kuna gitaa au kinanda kinachonguruma tumia kile kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya ala na mikisa, chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Kuna mafundi wanakata ile pini ya ethi kwenye plagi, mngurumo unaisha kweli, wanajisifu. Msifanye. Ile pini ndo inakuokoa siku spika au ampu imepata shoti, na mtu kashika maiki ya chuma, kasimama peku kwenye mchanga uliolowa. Mi nimeshaona mwimbaji anarushwa mkono kwa shoti namna hiyo, hapa hapa mkoani, akapona, lakini tangu siku hiyo mtu akiniletea plagi iliyokatwa pini sichomeki mziki mpaka ibadilishwe.

MWALIMU: Hilo tulirudie hata vipindi kumi. Tumalizie na swali la msikilizaji wa Nachingwea, anasema mikisa yake ana mwaka mmoja nayo, vinobu ukivizungusha vinakwaruza, "kra kra", anauliza aiuze?

FUNDI: Asiuze. Huku pwani ni chumvi, huko bara kwao Nachingwea ni vumbi, vyote vinaingia chini ya kinobu. Azime, achomoe kwenye umeme, anunue dawa ya kopo ya kusafishia swichi, siyo mafuta ya kula wala ya baiskeli, apulizie kidogo sana pembeni ya kinobu kisha azungushe huku na huku mara thelathini hivi, aache ikauke kabisa ndo awashe. Matundu ya jeki nayo achomeke na kuchomoa mara kadhaa. Halafu akimaliza kazi aifunike kwa khanga, mi yangu ina khanga yake, na kwenye begi nimeweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

MWALIMU: Na mimi khanga yangu iko juu ya mikisa hata sasa hivi, nusu imefunika. Haya, Jumamosi tuna maulidi Mikindani, uwanja ule ule, maiki nne. Unakuja saa ngapi?

FUNDI: Saa tisa. Wasomaji nao waje saa tisa na nusu, nataka kila mmoja apaze sauti yake yote nimpangie geini kabla watu hawajakaa.