Kibarua wa Mwezi Mzima Si Kibarua Tena

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, shikamooni wazee. Hapa Leeds, Uingereza, ni usiku, nimeingia sasa hivi kutoka kazini, hata koti sijavua. Niliahidi kuwatembeza sokoni leo, lakini mdogo wangu amenipigia simu mchana na tangu hapo sina raha.

Mdogo wangu anapakua magunia ya mchele kwenye godauni moja kule Shimanzi. Alfajiri anavuka feri kutoka Likoni, saa kumi na mbili yuko getini. Mnyapara anatoka na daftari lake, anaita majina. Ukiitwa unaingia, usipoitwa unarudi na njaa yako. Gunia ni kilo 50, lapandishwa begani, na lori likiisha laja jingine. Ana miezi mitano pale. Leo amenipigia kwa furaha: "Kaka, wametupa siku mbili tupumzike, turudi Alhamisi."

Nikamuuliza, mwezi uliopita je? Akasema ndiyo, walipumzishwa. Na uliotangulia? Ndiyo.

Jama, maneno hayo nayajua. Mimi mwenyewe nilibeba miezi 14 kwenye godauni jingine, na kila mwezi ukikaribia kutimia tulikuwa twapumzishwa. Nilidhani ni huruma. Bibi yangu alipofariki niliomba ruhusa ya siku tatu kwenda mazikoni, niliporudi jina langu limekatwa kwa kalamu nyekundu. Hakuna notisi, hakuna senti. Nikaambiwa, "Wewe ni kibarua, hatukudaiani." Nikaamini, nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Siku moja! Kifungu cha 37 ndicho nataka mkishike. Ukifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, unahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na kukuachisha kunataka notisi ya maandishi ya siku 28. Na ukifanya siku sita, ya saba ni ya mapumziko yenye malipo, nayo inaingia kwenye hesabu ya mfululizo, sawa na sikukuu. Kwa hiyo Jumapili haikukatii hesabu, wala Idi haikukatii.

Ndiyo maana ya zile siku mbili. Wenye godauni wameisoma sheria hii kabla yetu, wanaukata mwezi kabla haujatimia.

Lakini kifungu hichohicho kina mlango wa pili. Kinataja pia kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya siku ambazo jumla yake ni sawa na miezi 3 au zaidi. Jumla, si mfululizo. Haya, niambieni, kupakua mchele Mombasa kunaisha lini? Meli zimekoma kuja?

Mtasema, "Lakini sina karatasi." Nami nilisema hivyo. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo, na sisi tunaoitwa hivyo ndio hatuna hata kikaratasi. Sheria inasema kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri. Mkifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kukanusha masharti unayoyadai ni wake. Dada wa nyumbani, nawe umo, kifungu hiki si cha mabega ya wanaume peke yao. Na mna miaka 3 ya kufungua kesi. Mimi yangu ilipita nikiwa sijui, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sisemi huku ni peponi. Kuna watu hapa wananyonywa vilevile, wageni hasa. Lakini siku ya kwanza ya kazi nilipewa masharti yangu kwa maandishi, nikakaa kitandani nikayasoma mara tatu.

Na msidhani kudai haki ni mambo ya Ulaya. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, mji ukasimama, na Chege Kibachia akawaongoza katika chama chao cha wafanyakazi, African Workers Federation. Serikali ya mkoloni ikamkamata Agosti mwaka huohuo, ikamhamishia Kabarnet, mbali kule Baringo. Ni mji wetu huu.

Basi nimemwambia mdogo wangu asigombane na mnyapara, asije akakatwa jina kabla hatujajipanga. Wanamlipa kwa M-Pesa, na jumbe zote hajafuta. Jioni hii alikuwa ananisomea moja moja, tarehe na pesa, mimi naandika kwenye daftari hili, mnaliona? Halafu tutalipeleka ofisi ya leba. Tulikuwa tumefika siku ya 84, simu yake ikazima chaji. Kesho tunaendelea.