Pimeni Tope

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, ahsanteni. Habari za majitaka ya Mombasa yetu na za jalala la Kibarani mnazijua, sitazirudia. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: tukitaka kujua hali ya bahari yetu, tusipime maji peke yake. Tupime tope, na waliomo ndani yake.

Kisa changu wengine mmeshakisikia. Nivumilieni, maana jambo lenyewe halijabadilika. Ofisi moja iliniita niisome ripoti yake ya hori ya Tudor. Kurasa zimejaa namba, na mwisho wake: hali inaridhisha. Nikauliza, maji haya yalichotwa saa ngapi? Wakatazamana. Kumbe yalichotwa juu ya mashua, siku ya bamvua, maji yamejaa pomoni. Jamani! Maji yale yametoka bahari kuu asubuhi hiyo hiyo, na ndani ya muda wa saa 6 yatakuwa yamerudi huko. Mmempima mgeni, mwenyeji mmemwacha.

Maji yalipokupwa nikavua viatu, nikashuka karibu na mdomo wa mfereji wa majitaka. Nikadidimiza bomba la plastiki, nikaliziba juu kwa kiganja, nikalichomoa. Mahali penye afya tope la juu huwa na rangi ya hudhurungi, kwa sababu oksijeni inalifikia. Pale hudhurungi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake weusi mtupu, na harufu ya yai viza. Ile ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Uchafu ukizidi, bakteria humaliza oksijeni kwa kuuozesha, kisha wengine hugeukia salfeti iliyomo katika maji ya bahari, na gesi hiyo ndiyo wanayoitoa.

Tope lile nikalipitisha kwenye machekeche mawili, la juu la tundu za milimita 1, la chini la mikroni 38 (mikroni 1,000 ni milimita 1). Yanayobaki kwenye lile la chini ndiyo maisha yangu. Wengi wao ni nematodi, minyoo wasioonekana kwa jicho tupu. Mita 1 ya mraba ya tope huwa na milioni kadhaa.

Hapa kuna mtu huniuliza: kama ni wengi hivyo karibu na mfereji, si ndiyo afya? Hapana, bwana. Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeliona likiandikwa rasmi. Usihesabu vichwa tu, tazama ni akina nani. Penye mchanga safi utakuta aina kwa aina: wenye meno, wasio na meno, wanaolamba vijimea kwenye chembe za mchanga, wanaowawinda wenzao. Penye majitaka hubaki wachache wanaostahimili. Mmoja naitambua haraka sura yake, Terschellingia, kinywa kidogo kabisa, mkia mrefu kama uzi. Akijaa yeye na jamaa zake wawili watatu, wengine wamekufa. Kopepodi, vijidudu vya jamii ya kamba, huwa wametoweka mapema zaidi.

Na mnyoo huyu hana pa kukimbilia. Samaki huogelea akaondoka. Hata chaza, mtoto wake huelea na mkondo. Nematodi huanguliwa ndani ya tope, huzaa humo, hufia humo, na vizazi vya wengi wao hupishana kwa wiki chache. Kwa hiyo hukupa jibu la mahali pale pale, na hukupa upesi.

"Nani anakula minyoo?" Chaa anakula. Mkizi anachota tope na kumeza vilivyomo. Watoto wa kamba kule mikokoni wanakula. Wewe ukamla chaa kwa wali wa nazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mafuta nitayagusa tu: mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika kutoka melini bandarini Kilindini yakaingia mikoko ya Port Reitz, na mafuta yakishazama topeni hukaa miaka. Shaba ya rangi zinazopakwa chini ya meli, plastiki, hizo siku nyingine.

Ila Makupa siwezi kuiacha. Tangu daraja jipya lifunguliwe mwaka 2022, maji yanapita palipokuwa na tuta la barabara lililoyaziba. Ni bahati kubwa kwetu: tunaweza kuona tope likipona, au lisipone. Naomba vijana wawili, machekeche mawili na hadubini moja, kila baada ya miezi 3, maji yakiwa yamekupwa. Sihitaji mashua.

Pale dirishani, chini ya hadubini, kuna sahani mbili za tope la asubuhi ya leo, ya kushoto imetoka mfereji wa Tudor, ya kulia mchanga wa Nyali. Piteni mmoja mmoja, na msiitikise meza, wa kulia bado wanatembea.