Kuamsha trela la kempingi baada ya winta: usifungulie maji kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tupo uani hapa Minnesota, ni mwishoni mwa mwezi wa nne, theluji imeisha ila pale kivulini nyuma ya gereji kuna kirundo bado kinang'ang'ania kama mpangaji asiyetaka kuhama. Hili nyuma yangu ndo trela letu, futi 24, limelala tangu mwezi wa kumi. Nikisema trela namaanisha lile la kulala ndani, lina kitanda, jiko, choo na bafu, maana mama yangu kule Moshi nilipomwambia nimenunua trela akaniuliza sasa utakuwa unabeba saruji au mahindi.

Kijana wangu ndo kashika kamera, mkiona inatikisika mnajua wa kumlaumu.

Wikiendi ya Memorial Day, ile sikukuu ya huku mwishoni mwa mwezi wa tano, tunaenda Itasca, pale mto Mississippi unapoanzia, kwahiyo nina kama wiki nne. Watu wengi kosa tunalofanya ni moja, jua likiwaka tu mtu anachomeka mpira wa maji, anawasha kila kitu, alafu ndo anaanza kutafuta kilichoharibika. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza na nitawaambia ilinigharimu nini tukifika kwenye hita ya maji. Leo tunaenda kinyume, tunaangalia kwanza, maji yanakuja mwishoni.

Tuanze juu. Panda ngazi, na kama hujui paa lako linabeba mtu usilikanyage, angalia ukiwa kwenye ngazi tu. Paa la hili ni la mpira. Mpira wenyewe huwa hauna neno, unachokagua ni ile gundi nyeupe kuzunguka matundu, sogeza kamera hapa, unaona kwenye dirisha la juu, kwenye bomba la hewa la choo, na huku pembeni paa linapokutana na ukuta. Hapa pana mpasuko mdogo kama ufa wa kisigino. Unaweza kuudharau, lakini maji yameingia humo, yakaganda yakatanuka, yakayeyuka, yakaganda tena, winta nzima, na ukuta wa hili trela ndani ni mbao na plaiwudi, ukilowa unaoza kimya kimya mpaka siku unaegemea unasikia unabonyea. Safisha, kausha, weka gundi maalum ya paa la trela, ile inayojitandaza yenyewe. Usiweke silikoni ya bafuni tafadhali, haishiki vizuri na siku ukitaka kuirekebisha hakuna kingine kinachokubali kushika juu yake. Na usioshe paa la mpira kwa kitu chochote chenye mafuta ya petroli.

Tushuke, tuingie ndani, na ukiingia tu tumia pua. Harufu ya ukungu inamaanisha maji yameingia mahali. Harufu ya mikojo, panya. Bonyeza kuta kwa kiganja kwenye kona na chini ya madirisha, fungua kila kabati, vua godoro, angalia chini ya sinki kwa tochi.

Eeh, hawa hapa. Mnaona vile vinyesi kama punje nyeusi za mchele? Sasa sikilizeni, hapa ndo usichukue ufagio, wala vakyumu. Huku Marekani kuna kirusi kinaitwa hanta, kinatoka kwenye mikojo na vinyesi vya panya, na mtu anakipata kwa kuvuta vumbi lake, na kinaua. Fungua milango na madirisha, toka nje nusu saa hewa ipite. Vaa glovu, changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, pulizia mpaka palowe kabisa, subiri dakika tano, ndo ufute kwa karatasi na kutupa kwenye mfuko uliofungwa. Alafu tafuta walikoingilia, mara nyingi ni pale mabomba na nyaya zinapopita sakafuni, ziba kwa stiliwaya ile ya kusugulia masufuria, panya haipendi kuitafuna. Angalia na nyaya pia kama zimeguguniwa.

Vigunduzi sasa, vipo vitatu, cha moshi, cha kaboni monoksaidi na cha gesi. Cha gesi kiko huku chini karibu na sakafu kwasababu gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Bonyeza kitufe, kikilia sawa, lakini geuza usome na tarehe nyuma, hivi vitu vinaisha muda wake hata kama bado vinalia.

Tairi ntapita haraka ila msizidharau. Za trela haziishi kwa kusagika, zinazeeka zikiwa zimesimama. Soma ubavuni kwenye maandishi ya DOT, namba nne za mwisho, hizi zangu 1821, wiki ya 18 mwaka 2021, zikishafika miaka mitano sita mimi nabadilisha hata kama kashata bado nzuri, maana tairi ya trela ikipasuka barabarani inachana na sakafu na mabomba ya chini. Upepo jaza zikiwa za baridi, kiwango kimeandikwa ubavuni, hizi ni PSI 65. Kaza nati kwa spana ile yenye kipimo, kwa kiwango cha kitabu chako, na ukishaanza safari baada ya maili kama 50 simama ukaze tena. Beringi zinataka grisi kila mwaka, kama hujawahi kufungua habu mpelekee fundi.

Betri niliitoa ikakaa ndani ya nyumba winta yote, kwasababu betri ya asidi ikiisha chaji inaganda na kupasuka. Ikijaa na kupumzika ipime, inatakiwa isome kama volti 12.6. Fungua vifuniko, kama maji yamepungua ongeza maji ya distildi ya dukani, usiongeze ya bomba wala asidi. Wenye lithiamu, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, utaiua.

Hapa kwenye kuchomeka umeme lazima niseme kitu, hasa kwa sisi tuliokulia kwenye umeme wa 240 kila ukuta. Plagi hii ya trela, yenye meno matatu makubwa, ni ya ampea 30 lakini ni volti 120. Sio 240. Jamaa mmoja ninayemfahamu alimwita fundi umeme amfungie soketi ya trela uani, fundi kuona plagi kubwa ya ampea 30 akajua ni kama ya mashine ya kukaushia nguo, akavuta 240. Jamaa alipochomeka, maikrowevu, chaja ya betri, friji, vyote siku moja. Kwahiyo soketi mpya ipime kwa mita kabla hujachomeka.

Haya, maji. Cheki hali ya hewa kwanza, kama usiku bado inashuka chini ya 32 za Fahrenheit, yaani sifuri yetu, subiri, hamna haraka. Wiki hii usiku ni arobaini na kitu, tunaendelea.

Mabomba yamejaa ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda. Hii ya trela haina sumu ile ya kulanti ya gari, ila chai yake hutaitaka. Njooni nyuma ya hita, kuna koki tatu. Winta yote hizi mbili, ya kuingia na ya kutoka, zimefungwa, na hii ya katikati iko wazi, ili dawa ipite bila kuingia kwenye tangi la hita. Usiziguse bado! Ukizigeuza sasa unajaza hita galoni sita za pinki na utaiosha mpaka uchoke. Kwanza weka maji safi kwenye tangi kubwa, washa pampu, alafu fungua koki za kutumia maji moja moja, ya baridi, ya moto, jikoni, bafuni, flashi choo, na bafu la nje ambalo kila mtu analisahau. Inatoka pinki, inafifia, inakuwa nyeupe, funga, nenda nyingine.

Sasa zima sauti zote. Koki zote za sinki na bafu zimefungwa, pampu imewashwa, inatakiwa inyamaze kabisa. Ikiguna kidogo kila baada ya muda ujue kuna mahali panavuja, shika tochi utafute chini ya sinki na nyuma ya choo. Yetu imenyamaza... naona sawa.

Ndo tugeuze koki za hita. Ila kwanza nje, hakikisha kizibo chake kimerudi. Kama hita yako ni Suburban, tangi ni la chuma na kizibo kina fimbo ndefu ya anodi, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Hii ya kwangu angalieni, imebaki kama mswaki wa mti uliotafunwa wiki nzima, naweka mpya. Za Dometic zenye tangi la aluminiamu hazina fimbo, zina kizibo cha plastiki tu. Zungusha tepu ya mabomba, kaza, usikaze kwa hasira. Rudi ndani, fungua zile mbili, funga ya katikati, alafu fungua koki ya maji ya moto jikoni uache iteme hewa mpaka yaje maji mfululizo.

Mwaka ule wa kwanza mimi niliona maji yanatoka jikoni nikajua hita imejaa, kumbe yalikuwa yanapita kwenye ile koki ya katikati. Nikawasha hita kwa umeme. Elementi ikaungua ikiwa kavu kabla sijamaliza kufuta meza. Kwahiyo swichi ya hita haiguswi mpaka umeona maji ya koki ya moto yanakuja bila kukohoa.

Jiki sasa, ya kuua vijidudu kwenye tangi na mabomba. Kipimo ni robo kikombe kwa kila galoni 15 za tangi, langu ni 45, kwahiyo robo tatu ya kikombe. Jiki ya kawaida, isiyo na harufu ya maua. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina, jaza tangi, toa vichujio kama unavyo, alafu fungua kila koki mpaka unuse jiki, funga, acha ilale usiku kucha. Kesho unamwaga, unajaza, unasuuza mpaka harufu iishe. Ukitumia mpira wa maji wa nyumbani au wa kempingi badala ya pampu, weka regyuleta ya presha, mabomba haya ya plastiki presha ya PSI 40 mpaka 50 inatosha kabisa.

Tukisubiri, gesi. Fungua mtungi taratibu, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio, vikitoka vipovu funga, kaza, rudia. Usitafute kwa kiberiti, kuna watu nimewaona. Chungulia na kwenye tundu za hita na friji huku nje, maana navyo vinatumia gesi, buibui wanapenda kutanda humo, na utando mdogo tu unaharibu moto.

Haya, hii ni kesho yake asubuhi, shati lilelile msiniangalie vibaya. Nimemwaga na kujaza mara mbili, naonja... hainuki. Tumefunga kwenye gari, taa za breki na indiketa zinawaka, minyororo imepishana chini ya ndoano, na ile waya ya breki ya dharura nimeichomoa, trela likajishika lenyewe, vizuri. Kuni hatubebi toka huku, tutanunua kule kule zenye kibali, sababu ya wadudu wanaoua miti.

Kilichobaki ni kujaribu jiko. Mama watoto kaingia na sufuria, tangawizi na majani, anasema yeye hakagui jiko kwa sabuni, analikagua kwa chai. Moto wa bluu, sawa. Kijana, weka kamera chini, shika kikombe.