Kichina kichwani, Kiingereza kwenye karatasi

ZAWADI: Haya karibuni tena. Leo ni wanafunzi wa China wanavyojifunza Kiingereza, hasa gramma na ufahamu, na Baraka we umesoma Wuhan kulekule China, umekaa nao bweni moja ukiwasaidia masomo, kwahiyo anza wewe.

BARAKA: Asante dada. Kitu kinaniuma mimi ni kimoja, wale vijana wanajituma kweli kweli, asubuhi na mapema unawakuta nje wamesimama na vitabu wanasoma kwa sauti kila mtu na lake, lakini gramma wanaifanya kivyake na ufahamu kivyake utadhani masomo mawili, halafu likija pande la kifungu wanakwama na kanuni zote wanazijua.

ZAWADI: Na presha yote inatoka kwenye gaokao, si ndio?

BARAKA: Ndiyo, ule mtihani wa Juni wa kuingia chuo. Sehemu nyingi za China jumla ni alama 750, Kiingereza peke yake 150, sawasawa na hesabu na Kichina chenyewe. Kwenye karatasi mpya ya kitaifa ufahamu unabeba alama 50, kuna vifungu vinne vyenye maswali 15, halafu kuna wanachokiita saba chagua tano, yani unapewa habari ina mapengo matano na sentensi saba, mbili zimewekwa kukupoteza. Gramma ya kujaza mapengo 10 ni alama 15 tu.

ZAWADI: Kwahiyo anayekesha na gramma anapigania 15.

BARAKA: Hapana, gramma hiyohiyo ndo inakufungulia zile 50, ila uifanyie ndani ya kifungu.

ZAWADI: Hebu waelezee kwanza Kichina chenyewe kikoje.

BARAKA: Kitenzi chao hakibadiliki, jana leo kesho ni kilekile, wanataja wakati au wanaweka kineno le kuonyesha jambo limetimia. Artikeli, yani zile a na the, hakuna, nomino nyingi hazina umbo la wingi, na he na she ukizitamka kwao zote ni ta.

ZAWADI: Hapo kwenye he na she hata sisi panatusumbua jamani, yeye ni yeye tu. Ila sisi kwenye kitenzi li na ta za kuonyesha wakati tunazo, alisoma, atasoma.

BARAKA: Tunazo, na mpangilio wetu pia unatusaidia. Chukua hii, The book that my teacher gave me yesterday is missing. Kichina kinaanza na mwalimu, jana, kunipa, kinawekwa kineno de, ndo kitabu kinatokea, halafu hakionekani. Maelezo yote mbele, kitu chenyewe nyuma. Sisi tunasema kitabu alichonipa mwalimu, kitabu kimetangulia kama Kiingereza. Sasa mwenzetu anasoma haraka haraka, saa inakimbia, akifika is missing anaibandika kwa teacher, swali linauliza nini kimepotea anajibu mwalimu. Maneno yote anayajua, hakuna hata moja geni!

ZAWADI: Inasikitisha. Ulikuwa unawafanyisha nini?

BARAKA: Kwanza kuacha ile ya kuandika Kichina kwa penseli juu ya kila neno, maana ukishafanya hivyo unasoma Kichina kilichovurugwa. Unatafuta kitenzi kikuu unapiga mstari, hapa ni is. Kile kipande kinachoanza na that unakifungia mabano, unasoma kilichobaki, the book is missing. Basi, mwenye habari umemjua, ndo unarudisha kipande. Sentensi ndefu hata mistari minne inakatika hivyo hivyo.

ZAWADI: Na zile tensi na artikeli?

BARAKA: Kesho yake chukua kifungu kilekile ulichokielewa, mwenzako afute vitenzi na a na the, we ujaze, kisha linganisha na cha mwanzo. Ukikosa usikimbilie kitabu cha kanuni, rudi aya ya juu uone kwa nini mwandishi kaweka had gone, mara nyingi kuna tukio lingine pale lililofuata baadaye. Mi naamini ndo inavyokaa kichwani, kuliko karatasi yenye sentensi mia zisizojuana.

ZAWADI: Kwenye saba chagua tano je?

BARAKA: Angalia vineno vidogo. Sentensi ikianza na They, iliyoitangulia lazima iwe imetaja watu au vitu vingi. Ikianza na However, iliyotangulia iwe inasema kinyume. Hiyo ni gramma tupu, na ndo ufahamu wenyewe.

ZAWADI: Na chuoni bado kuna CET-4, mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo, inawasubiri, ipo tangu 1987, jumla 710 na wengi wanaisaka 425.

BARAKA: Na kule kuna hata kifungu kirefu zaidi, kwahiyo mwanafunzi wa sekondari unayetusikiliza, hayo mabano anza nayo sasa hivi, kifungu kimoja kwa siku kinatosha, ila ukimalize.