Damu Haipimwi Mara Moja

(Mhadhara kwa wanafunzi wa maabara na tabibu, ulivyotolewa)

Nimepewa dakika 25 kueleza mionzi inavyoharibu damu, na kwa nini damu hiyo ipimwe zaidi ya mara moja. Mwaka jana walinipa 40, zikaisha nikiwa bado niko Goiânia, mji uliopatwa na ajali ya mionzi, kwa hiyo leo naanzia hukohuko. Wale mliokwisha kunisikia, vumilieni.

Brazili, tarehe 13 Septemba 1987. Vijana wawili waokota vyuma chakavu wanaingia kwenye jengo la kliniki ya mionzi lililotelekezwa. Wanakuta mashine ya kutibu saratani, wanang'oa kichwa chake, wanakipakia kwenye toroli. Siku hiyohiyo kutapika kunaanza. Tarehe 15 mmoja anakwenda kutibiwa, anaambiwa chakula kibaya kimemletea mzio. Mnacheka? Hapa kwetu angeambiwa taifodi na UTI, akapewa dawa za zote mbili.

Wakatoboa kidonge cha chuma kilichokuwa ndani ya kichwa kile, wakakiuza. Mwenye duka la chakavu usiku akaona kinatoa mwanga wa buluu. Akaona uzuri. Akaita ndugu na marafiki, akawagawia vipunje. Binti wa nduguye, mwenye miaka 6, akachezea unga ule, kisha akala yai kwa mikono ileile. Ule unga, wenye sizimu-137 inayotoa mionzi, ulikuwa gramu 93 hivi. Ukienda dukani ukaomba sukari kiasi hicho, muuzaji atakutazama mara mbili: nusu ya robo kilo haifiki!

Aliyeshtuka ni mke wa mwenye duka. Aliona watu nyumbani wanaugua mmoja baada ya mwingine, akasema chanzo ni kile kitu. Tarehe 28 akakitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi yeye na kijana wa dukani, wakakipeleka ofisi ya afya. Kesho yake mwanafizikia akaja na kipimo chake, ndipo ikajulikana. Hesabuni, kuanzia tarehe 13 mpaka 29. Siku 16. Humo katikati wagonjwa wengine walilazwa wakidhaniwa wana magonjwa ya nchi za joto. Baadaye watu wapatao 112,000 walipangwa foleni uwanjani kupimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Wanne walikufa Oktoba, yule mama na yule binti wakiwemo.

Kwa nini Oktoba na si Septemba? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Fikirini duka la Mangi. Lori la Kariakoo limepata ajali, mzigo haujaja, lakini leo rafu zimejaa na wewe unanunua kama kawaida. Uboho, ule ute ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ndio lile lori. Mionzi inapiga seli zinazogawanyika, na mgawanyiko uko ubohoni. Chembe nyekundu iliyokwisha kutoka inaishi siku 120, haina habari. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaishi siku 8 mpaka 10. Kwa hiyo wiki ya kwanza mgonjwa anaweza kuacha kutapika, akaomba chai, akataka kurudi nyumbani. Rafu zinaisha wiki ya tatu, ya nne: nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, hakuna, vijidudu vinaingia bila kizuizi, chembe sahani hakuna, fizi zinavuja damu.

Limfosaiti, chembe nyeupe za aina ya pili, ni habari nyingine. Haisubiri lori. Yenyewe inafia rafuni, kama maziwa umeme ukikatika. Dozi ikiwa kubwa, ndani ya siku 2 zimeporomoka. Hiyo ndiyo kengele yenu, na ndiyo mnayoipuuza.

Najua mtasema, "Mwalimu, mashine inatuonyesha." Mashine inakuonyesha, wewe husomi! Chukua mfano. Karatasi ya FBP, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, imetoka: chembe nyeupe 9,800. Kawaida. Unapiga muhuri. Lakini saa za mwanzo nyutrofili hupanda kwa mshtuko, zikaficha pengo. Shuka mstari wa chini: limfosaiti asilimia 5. Zidisha. Ni 490, wakati mtu mzima anatakiwa awe na 1,000 kwenda juu. Na kama asubuhi zilikuwa 1,900, hapo hatuzungumzii tena chakula kibaya. Asubuhi zilikuwa ngapi? Hujui, kwa sababu hukupima. Pima kila saa 6 hivi, siku 2 za kwanza. Niliwahi kuomba kipimo cha pili kituo fulani, nikajibiwa, "Si alishapimwa?" Nikakaa chini.

Kuna mama pale nyuma ameshanyoosha mkono, swali lake nalijua: picha ya kifua je? Mama, ile ni takriban milisivati 0.1, na milisivati ndiyo tunayopimia dozi ya mionzi. Hayo ninayoyasema ya uboho huanzia kama 1,000 kwa mkupuo. Mara elfu kumi. Piga picha yako ukalale. Na simu haimo, tafadhali tusiianze.

Nimeonyeshwa kadi ya dakika 3. Haya, haraka. Yule mwenye duka la chakavu wa Goiânia alipata dozi kubwa kuliko mkewe, akapona, huenda kwa kuwa yeye alikuwa akitokatoka nyumbani. Dozi iliyokatwakatwa inaupa uboho nafasi ya kupumua. Dawa iitwayo buluu ya Prussia, ambayo kwa asili ni rangi, walipewa watu 46, inaitoa sizimu kwa choo. Saratani ya damu, ile iliyoonekana Hiroshima miaka michache baada ya bomu, ilikuwa na slaidi 6, naziruka.

Ila hili siliruki. Tyubu ya zambarau ni ya kuhesabu. Ya kijani, yenye heparini ya kuzuia damu isigande, ni ya kuangalia kromosomu zenye vituo viwili, yaani zilizovunjwa na mionzi zikaungana vibaya, na hizo ndizo zitakazokupa makisio ya dozi. Ichukueni kabla mgonjwa hajaongezewa damu ya mtu mwingine. Andikeni saa juu ya tyubu. Si tarehe peke yake, saa.

Mama, uliza.