Maua Yanayotangulia Mvua

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, na wanafunzi wa misitu na ufugaji nyuki,

Mkoa wetu wa Dodoma una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Hata hivyo, mtu akipita Septemba katika nyanda zilizochomwa kwa mpango mwanzoni mwa kiangazi, atayakuta maua yamechanua kati ya visiki vyeusi vya nyasi, wakati hakuna hata wingu angani. Maji imeyapata wapi mimea hii?

Yamo chini. Mingi ni mimea ya kudumu yenye vitunguu, viazi au mizizi minene iliyojaa akiba ya msimu uliopita. Moto wa nyasi hupita upesi na udongo haupitishi joto kirahisi, hivyo sentimita tano tu chini ya ndimi za moto, kitunguu hakijui sana kilichotokea juu. Majivu huongeza potasiamu na kalisi, ingawa naitrojeni nyingi huondoka na moshi. Wanaoyasifu majivu kama mbolea kamili wanatia chumvi.

Tazameni ua hili jeupe, ambalo kitaalamu huitwa Cycnium adonense. Huchanua karibu kabisa na ardhi, mahali palipoungua. Nikiliminya kidogo kwa kidole, hivi, alama yangu inageuka nyeusi. Lina majani ya kijani na hujitengenezea chakula, lakini mizizi yake hunyonya maji na madini kutoka mizizi ya nyasi. Kwa hiyo anayesema kwamba moto umeliondolea adui amepata nusu ya ukweli: majani marefu ya nyasi ndiyo yaliyolinyima jua na kulificha wadudu wasilione, lakini mizizi ya nyasi hizo hizo ndiyo inayolilisha.

Suala basi ni tarehe ya kiberiti. Mei na Juni nyasi bado zina unyevu, na moto huacha mabaka yasiyoungua ambamo wadudu hujihifadhi. Oktoba nyasi zimekauka kabisa, moto ni mkali, unaua miche ya miti, na machipukizi ya mimea niliyoieleza yamekwisha kutoka ardhini, yakiwa yametumia akiba ambayo hayatairudisha kabla ya mvua.