Kupima Athari kwa Macho ya Wenyewe

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Leo tunazungumzia tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kupima madhara ya mradi kabla haujaruhusiwa, inayoongozwa na jamii asilia zenyewe, na namna mtu wa nje, awe mwanabiolojia, mwanasheria au mchoraji wa ramani, anavyojifunza kuisaidia bila kuitwaa. Kaka Bakari, wewe umefanya kazi za tathmini hapa pwani kwa miaka mingi. Kwa nini umetaka tuanzie Kanada?

BAKARI: Kwa sababu huko, Bi Zuhura, jambo hili limekwenda mbali kuliko nilivyoliona kwetu. Karibu na mji wa Kamloops, katika jimbo la British Columbia, lipo ziwa dogo linaloandikwa Jacko kwenye ramani, na ambalo watu wa Secwépemc, wenyeji asilia wa eneo hilo, huliita Pípsell. Kampuni ya KGHM Ajax ilikusudia kuchimba mgodi wa wazi wa shaba na dhahabu mahali hapo. Serikali kuu na serikali ya jimbo zilikuwa na tathmini yao, ambamo wenyeji wangesikilizwa. Hata hivyo, jamii ya Stk'emlúpsemc te Secwépemc, inayounganisha jamii mbili za Wasecwépemc, Tk'emlúps na Skeetchestn, iliona kwamba mwenye nyumba hawezi kuwa mgeni katika kikao kinachoamua hatima ya nyumba yake, ikaanzisha tathmini yake yenyewe kwa kufuata sheria zake.

ZUHURA: Waliamua nani, na kwa kipimo gani? Naomba ulifafanue hilo taratibu, maana hapo ndipo wengi hupotea.

BAKARI: Waliunda jopo la watu 46, wakiwemo wawakilishi wa koo, wazee, vijana na wajumbe wa mabaraza yao, na Mei 2016 jopo hilo likakaa kusikiliza ushahidi. Wao huuita utaratibu wao kutembea kwa miguu miwili: mguu mmoja ni sayansi ya maabara na takwimu, wa pili ni elimu ya Wasecwépemc, na hakuna mguu unaoburutwa na mwenzake. Pípsell ni mahali ambapo samaki aina ya trauti walivuliwa mapema majira ya machipuko, baada ya baridi kali, na pembeni yake yapo mafichio ya kale ya wawindaji. Vilevile ndipo mahali pa hadithi yao ya Watoto wa Trauti, inayoeleza jinsi maji, ardhi na anga vinavyofungamana. Kwao hadithi hiyo ni chimbuko la sheria, kwa hiyo jopo liliipima athari ya mgodi kwa hadithi hiyo kama lilivyopima vumbi na maji.

ZUHURA: Nimeguswa sana na hilo. Katika ripoti nyingi nilizosoma, hadithi ya wazee huwekwa katika sura ya utamaduni, kisha sura ya athari huandikwa kana kwamba hadithi hiyo haikutamkwa kamwe.

BAKARI: Hakika. Basi, tarehe 4 Machi 2017 jamii ilitangaza kwamba haitoi ridhaa. Desemba mwaka huohuo serikali ya jimbo ilikataa kuupa mradi cheti, na mwaka 2018 serikali kuu nayo ikaukataa, ikitaja miongoni mwa sababu zake madhara kwa urithi wa jamii asilia na matumizi yao ya ardhi.

ZUHURA: Kuna atakayesema kwamba utaratibu huu ni njia ndefu ya kusema hapana.

BAKARI: Anayesema hivyo aitazame jamii ya Squamish, katika jimbo hilohilo. Wao walifanya tathmini yao kuhusu kiwanda cha Woodfibre cha kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika, na Oktoba 2015 wakakubali kwa masharti 25. Sharti mojawapo lilihusu mitambo ya kupoza kiwanda: uamuzi wa teknolojia gani itumike uliachwa mikononi mwa jamii, nayo ikachagua kupoza kwa hewa badala ya kuvuta maji ya bahari, kwa kuhofia maisha ya samaki wachanga katika ghuba ambayo samaki aina ya heringi walikuwa wameanza kuirudia.

ZUHURA: Tuje sasa kwa msaidizi. Wewe mwenyewe ulijifunzaje?

BAKARI: Nilijifunza kwa kukosea, Bi Zuhura, na kosa hilo bado linaniuma. Nilipokuwa kijana niliajiriwa na kampuni moja ya washauri kukusanya maoni ya wavuvi kuhusu gati lililopangwa kujengwa. Tulifika kijijini wakati wa kusi, upepo ukivuma na mawimbi yakiwa makubwa, tukakaa siku sita, na karatasi yangu ilikuwa na visanduku vya kujaza. Mzee mmoja alichukua kijiti akachora mchangani mlango wa bahari, mikoko, na njia wanayopita pono maji yanapojaa wakati wa bamvua. Alisema, "Mwanangu, ungekuja kaskazi, pangejaa ngalawa hapa." Nilimshukuru, kisha nikaandika idadi ya vyombo nilivyoviona vikitoka wiki ile: vinne. Ripoti ilieleza kwamba uvuvi mahali pale ni shughuli ndogo.

ZUHURA: Na hesabu yako ilikuwa sahihi kwa siku zile sita.

BAKARI: Ilikuwa sahihi, na iliwadhulumu watu. Kalenda ilipangwa na aliyetulipa. Tangu hapo, ninapoombwa kusaidia, huuliza kwanza nani ameshika fedha na nani anaweza kuniondoa kazini. Ikiwa jibu ni mwekezaji peke yake, basi kazi hiyo inaongozwa na mwekezaji, hata nikikaa kijijini mwaka mzima.

ZUHURA: Hili linanirudisha Lamu. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya ilibatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa upungufu wa ushirikishaji wa wananchi: mikutano ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika, kwa hiyo watu hawakupewa athari zenyewe wazijadili. Nawaheshimu mno waliokwenda mahakamani. Hata hivyo, walilazimika kupinga ripoti iliyokwisha kuandikwa na wengine, ilhali Pípsell wenyeji waliandika yao.

BAKARI: Na walioandika wana haki ya kuficha. Msaidizi hulisahau hili kwa sababu amezoea kuchapisha kila kitu. Mahali pa matambiko, mazalia ya samaki, makaburi ya kale, haya yakichorwa kwenye ramani ya hadharani huwa yameanikwa kwa yeyote. Jamii asilia za Kanada zina kanuni ya umiliki wa taarifa zao: wao ndio huzimiliki, huzidhibiti, huamua nani azione, na huzihifadhi.

ZUHURA: Wewe umewahi kuifuata?

BAKARI: Mwaka jana kamati ya wavuvi iliniomba niwasaidie kuchora ramani ya maeneo yao kwa misimu yote miwili, kusi na kaskazi. Tuliifanya kwa miezi minane, wao wakiniongoza chomboni. Ilipokamilika, mwenyekiti aliikunja, akaiweka ndani ya kasha la mama yake, akalifunga. Mimi sina nakala.